Tulizunguka Japani marafiki wanne, na hakuna aliyetaka kurudi: maelezo marefu na majibu ya maswali yenu

Mwana wa Pangani (mwanzisha uzi)

Habari zenu wanajukwaa. Watu kadhaa wameniomba nieleze safari yetu ya Japani ya mwezi Novemba, nami nimekubali kwa sharti moja: sitaandika orodha ya vivutio, kwa kuwa orodha za namna hiyo zimejaa kila mahali. Ninachotaka kukieleza ni jambo ambalo bado linanisumbua, nalo ni kwa nini wanawake wanne wazima, wenye kazi na familia, walifika uwanja wa ndege wa Kansai siku ya kuondoka wakiwa wamenuna kama wanafunzi waliokatishiwa likizo.

Sisi tulilala bweni moja tulipokuwa sekondari huko Tanga. Leo mmoja wetu ni mwalimu Mombasa, mwingine ni mhasibu Muscat, wa tatu ni muuguzi Minnesota, nami nipo Dar es Salaam. Kwa miaka mingi tumekuwa tukikutana harusini na misibani, mahali ambapo kila mmoja ana sufuria la kusimamia na wageni wa kuwapokea, na hakuna anayepata nafasi ya kukaa na mwenzake wakazungumza hadi mwisho. Tulitaka nchi ambayo hakuna hata mmoja wetu mwenye shangazi wa kwenda kumsalimia. Muuguzi akaitaja Japani, na mhasibu, ambaye hufuatilia bei za fedha, akaunga mkono kwa sababu yeni ilikuwa imeshuka sana. Mwaka 2024 dola moja ilipita yeni 160, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1986.

Kuhusu viza, sisi wenye pasipoti za Tanzania na Kenya tunaihitaji hata kwa matembezi mafupi, ilhali mwenzetu wa Minnesota, aliyekwisha kupata uraia wa Marekani, aliingia bila viza. Ubalozi hutaka ratiba ya kila siku: utalala wapi, utatoka mji upi kwenda upi, na utapatikana kwa namba gani. Tulilalamika sana wakati wa kuijaza, lakini ratiba hiyo ndiyo iliyotulazimisha kubishana mapema, kwa simu, miezi kadhaa kabla ya kuondoka. Ugomvi wote wa safari uliishia huko. Nawashauri wanaopanga safari ya kundi waandike ratiba kamili hata kama hakuna ubalozi unaowadai.

Jambo jingine la fedha: msikimbilie kununua Japan Rail Pass, ile tiketi ya mgeni ya kupanda treni bila kikomo kwa siku kadhaa. Oktoba 2023 bei ya siku 7 ilipanda kutoka yeni 29,650 hadi yeni 50,000, na kwa kuwa tiketi ya Shinkansen, treni yao ya mwendo kasi, kutoka Tokyo hadi Kyoto ni takriban yeni 14,000, mtu anayekwenda na kurudi tu hawezi kuirudisha fedha hiyo. Sisi tulinunua tiketi moja moja. Kwa treni za mjini tulitumia kadi ya Suica, ambayo unaijaza fedha na kuigusisha getini, na kadi hiyo hiyo hulipia pia maji na vitafunio katika mashine na maduka madogo.

Kuna huduma waiitayo takkyubin ambayo ingekuwepo kwetu ningeitumia kila mwezi. Unaliacha sanduku lako kwenye mapokezi ya hoteli, unajaza karatasi, nalo unalikuta kwenye hoteli ya mji unaofuata. Tulitanguliza masanduku yetu Kyoto, tukapanda milima ya Hakone tukiwa na mikoba midogo ya mgongoni. Ninaitaja kwa makusudi, kwa sababu ndiyo iliyonianzishia wazo ninalotaka kulijadili hapa: kila mzigo uliotutoka mikononi uliturudishia saa za kuwa pamoja.

Kwa maoni yangu, tulichokililia pale Kansai hakikuwa mlima Fuji wala mahekalu ya Kyoto. Tuliulilia ule wepesi. Mahali ambapo treni inafika kwa wakati wake, bei imeandikwa, na mwanamke anaweza kutembea saa sita usiku bila kushika funguo mkononi kama silaha, akili yako hubaki huru, na sisi akili zetu zote nne tulizielekeza kwa wenzetu.

Mkazi wa Aichi

Dada, shikamoo. Nimekusoma kwa furaha, ila niruhusu nitie neno, maana mimi ninaishi huku, katika mkoa wa Aichi, na ninafanya kazi katika karakana inayotengeneza vipuri vya magari. Magari yale yale mnayoyapokea bandarini Dar es Salaam na Mombasa yakiwa yametumika, wengine tunayaona yakiwa bado vyuma vitupu.

Wepesi unaousema upo, sikatai. Lakini upo kwa mgeni aliyelipa hoteli. Nilipotafuta chumba cha kupanga, mawakala wawili waliniambia waziwazi kwamba mwenye nyumba hapokei wageni. Nilipopata, nilidaiwa mdhamini, na juu ya kodi na amana nikadaiwa fedha waiitayo reikin, ambayo ni zawadi kwa mwenye nyumba na hairudi hata ukihama kesho. Hiyo treni inayofika kwa wakati nayo ina upande wake wa pili. Ikichelewa dakika chache tu, kampuni ya reli hutoa cheti cha uchelewaji ili abiria akamwonyeshe msimamizi wake kazini. Hebu tafakari ni kazi ya namna gani inayohitaji cheti kwa ajili ya dakika hizo. Saa tano usiku nenda stesheni yoyote kubwa, utawakuta wanaume wenye suti wamelala wakiwa wameketi.

Na kuhusu marafiki, ambao ndio kiini cha hoja yako, huku rafiki hapatikani kwa kubisha hodi. Mnapangana wiki tatu kabla, mnakutana mgahawani, na saa tatu usiku kila mtu anatazama ratiba ya treni ya mwisho. Ninyi mlikuja na marafiki wenu kutoka Tanga. Mliwabeba. Japani haikuwapa.

Mwana wa Pangani

Marahaba, mdogo wangu. Umenipa jambo zito la kulijibu, nami nitalirudia nikifika mwisho wa safari, kwa kuwa sehemu kubwa ya ulichosema ni kweli na sitaki kukijibu kwa haraka. Niendelee kwanza na njia tuliyopita.

Tokyo tulikaa Asakusa, mtaa wa hekalu la kale la Senso-ji. Mchana hapatembeki kwa wingi wa watu. Usiku maduka yakifungwa, uwanja wa hekalu hubaki wazi na taa zake zikiwaka, na hapo ndipo tulipokuwa tukienda baada ya chakula, tukizunguka hadi miguu ituume. Mwalimu wetu wa Mombasa aligundua jambo la saa lililotufurahisha safari nzima: Japani iko mbele yetu kwa saa 6, na kwa kuwa sisi huhesabu saa kuanzia mawio, akrabu za saa ya ukutani Tokyo husoma sawasawa na saa ya Kiswahili ya nyumbani. Wao wakiwa saa 7 mchana, ambayo wao huiandika 1, Mombasa ni saa moja asubuhi. Hatukuhitaji hesabu yoyote kujua kama watoto wamekwisha kuamka.

Kutoka Tokyo tulikwenda Hakone. Watu huenda huko kuuona mlima Fuji kutoka Ziwa Ashi, na Fuji wenyewe haukutoka mawinguni hata kidogo. Hilo halikutushangaza sana. Mtu aliyewahi kukaa Moshi anajua kwamba mlima ndio unaoamua siku ya kuonekana, ingawa Kilimanjaro una mita 5,895 na Fuji ni mita 3,776 tu. Tulipanda gari la kamba hadi Owakudani, bonde linalofuka mvuke wa kiberiti, ambako mayai huchemshwa katika maji ya chemchemi hadi maganda yanakuwa meusi. Wenyeji husema kila yai humwongezea mlaji miaka 7. Muuguzi wetu, ambaye kazini hushughulika na wazee, alikataa kula zaidi ya moja.

Usiku wa Hakone ndio ninaoukumbuka zaidi. Tulilala katika ryokan, nyumba ya wageni ya kienyeji, ambamo sakafu ni ya mikeka minene ya tatami na hakuna vitanda. Mlipokuwa mkila, mhudumu huingia chumbani na kutandika magodoro chini, yakiwa yamepangwa bega kwa bega. Tulipozima taa, tukawa tena wasichana wanne katika mstari mmoja gizani, kwa mara ya kwanza tangu kidato cha nne. Mambo yaliyosemwa usiku ule sitayaandika. Itoshe kusema kwamba kuna mmoja wetu aliyekuwa amefiwa na mume, na sisi tulihudhuria msiba ule wote watatu, tukapika, tukapokea rambirambi, tukarudi makwetu, na hatukuwahi kumsikia akiuzungumzia hadi usiku huo.

Shangazi wa Mvita

Mwanangu, umenitoa machozi. Nina maswali mawili ya kawaida. Mlikula nini, kwa sababu nasikia nguruwe na pombe vimo katika kila kitu? Na hayo mabafu ya maji moto ambayo watu huoga uchi pamoja, mwanamke mwenye kujisitiri hufanyaje?

Mwana wa Pangani

Shikamoo, shangazi. Nitaanza na mabafu. Ni kweli kwamba katika onsen, chemchemi zao za maji moto, watu huingia bila vazi lolote, wanawake upande wao na wanaume upande wao, baada ya kujisugua na kujisuuza vizuri kabisa nje ya bwawa. Wenzetu wawili wanaovaa hijabu hawakutaka hivyo. Ryokan nyingi huwa na bafu la faragha ambalo wageni hulikodi kwa muda wao peke yao, nalo huitwa kashikiri. Tuliulizia kabla ya kuweka nafasi, na kila aliyetaka akaoga kwa zamu yake akiwa amefunga mlango. Wenye michoro mwilini ndio wanaopata taabu zaidi, kwa sababu sehemu nyingi huwakataza kuingia.

Chakula kinahitaji umakini, ila hakuna atakayelala njaa. Tatizo halisi si nyama ya nguruwe unayoiona, bali ni usichokiona: supu nyingi za tambi za ramen huchemshwa kwa mifupa ya nguruwe, na mchuzi mtamu unaopakwa hata kwenye samaki mara nyingi una mirin, ambayo ni divai ya mchele. Mhasibu wetu wa Muscat alitembea na karatasi iliyoandikwa kwa Kijapani kueleza asichokula, na wahudumu waliisoma kwa makini, wakaingia jikoni kuuliza, wakarudi na jibu, wakati mwingine la kukataa kabisa kumhudumia kuliko kumdanganya. Sisi wa pwani tulipona kwa wali na samaki. Kupewa samaki wa kuchoma, wali na supu saa moja asubuhi kulimpendeza mwalimu wetu kupita vyote, naye alisema hatimaye amepata nchi inayojua kifungua kinywa.

Ijumaa ya Tokyo waliswali katika msikiti wa Tokyo Camii, uliojengwa upya mwaka 2000 kwa mtindo wa Kituruki, wenye kuba na mnara vinavyoonekana juu ya nyumba za mtaa wa Yoyogi-Uehara. Baadaye, tulipokuwa Osaka, tulipanda treni kwenda Kobe kwa ajili ya msikiti wake wa mwaka 1935, ambao ulinusurika mabomu ya 1945 na tetemeko kubwa la ardhi la 1995, huku majengo mengi ya jirani yakiteketea au kuanguka.

Kyoto nitaipita upesi, na najua wengi hawatapenda. Ni mji wa mahekalu, uliokuwa makao ya wafalme tangu 794 hadi karne ya 19, na mwezi Novemba majani ya miti yake huwa mekundu kiasi cha kuumiza macho. Lakini watu! Mwaka 2024 Japani ilipokea wageni zaidi ya milioni 36, na nadhani wote walikuwa wamesimama mbele yetu kwenye ngazi za hekalu la Kiyomizu-dera. Katika mtaa wa Gion wakazi wamechoka hadi wameweka mabango ya faini ya yeni 10,000 kwa mgeni anayeingia vichochoro vya binafsi kuwafukuzia wanawake wa kazi ya geisha kwa kamera. Niliona aibu kuwa mmoja wa umati ule. Fushimi Inari tulikwenda kabla ya jua kuchomoza, tukapanda mlima chini ya maelfu ya malango mekundu ya torii tukiwa karibu peke yetu, na hiyo ndiyo Kyoto pekee ninayoweza kumshauri mtu. Nara, yenye paa wanaotembea barabarani na kuinamisha vichwa ili wapewe biskuti, ilitufurahisha zaidi, hasa pale paa mmoja alipoitafuna ramani yetu.

Mwana wa Pangani

Naendelea na Hiroshima, ambayo sikutaka kuichanganya na mambo ya chakula.

Tulifika kwa Shinkansen kutoka Osaka. Nilitarajia mji wenye huzuni, nikakuta mji wenye mito, tramu, wanafunzi wanaocheka na vibanda vya chaza wa kuchoma. Kisha tramu ikavuka daraja, na lile jengo lenye kuba la vyuma vitupu likawa mbele yetu. Lilijengwa mwaka 1915 kwa michoro ya msanifu wa Kicheki, Jan Letzel, likawa ukumbi wa maonyesho ya bidhaa. Tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi, bomu lililipuka karibu juu yake. Kuta zake zilisimama, kila aliyekuwa ndani akafa.

Ndani ya jumba la makumbusho hatukuongea. Kuna baiskeli ya magurudumu matatu, imeungua na kupinda, ya mtoto aliyekuwa hajatimiza miaka 4. Alikuwa akiiendesha asubuhi ile. Baba yake hakuweza kumpeleka mwanawe makaburini, akaona ni mdogo mno kulala peke yake mbali na nyumbani, akamzika uani pamoja na baiskeli yake. Mwaka 1985 ndipo alipoyahamishia mabaki kaburini, na baiskeli akaitoa kwa makumbusho. Muuguzi wetu alisimama mbele ya kabati lile hadi walinzi wakaanza kumtazama. Mwanawe wa mwisho ana umri huo huo.

Tulipotoka tuliketi kando ya mto, na huko ndiko nilikoelewa kwamba safari ya marafiki ina faida ambayo safari ya peke yako haina, na hata ya mume na mke huenda haina. Hakuna aliyejaribu kumfariji mwenzake. Mmoja alitafuta choo, mwingine akanunua chai kwenye mashine, tukanywa.

Kijana wa Likasi

Salamu kwenu nyote. Mimi ni mtu wa Katanga, na kila Hiroshima inapotajwa huwa nataka jambo moja lisemwe. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa Wamarekani wa kutengeneza bomu lile ilitoka Shinkolobwe, mgodi ulio karibu na mji wetu wa Likasi, uliokuwa mikononi mwa kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière. Zaidi ya tani 1,000 za mawe yale zilikuwa zimesafirishwa tangu 1940 na kuhifadhiwa Staten Island, New York, kabla jeshi la Marekani halijajua kwamba litazihitaji. Waliozichimba na kuzibeba walikuwa wazee wetu, na hakuna aliyewaambia wanabeba nini.

Sisemi haya kuharibu uzi wa dada. Nasema ili wasomaji wa Kiswahili wanaokwenda Hiroshima wasidhani wanatazama historia ya watu wa mbali.

Mwana wa Pangani

Hujauharibu hata kidogo, ndugu yangu. Niliwasomea wenzangu maneno yako kwenye kundi letu la WhatsApp, na mwalimu amesema anayaingiza katika somo lake la historia muhula ujao.

Kituo cha mwisho kabla ya kurudi Osaka kilikuwa Fukuoka, kwenye kisiwa cha Kyushu, mji ambao wageni wengi huuruka. Jioni, kando ya mto katika mtaa wa Nakasu, hutokea yatai, vibanda vya chakula vyenye viti visivyozidi kumi, vinavyokusanywa na kuondolewa usiku uleule. Huwezi kukaa pale bila bega lako kugusana na la mgeni. Mzee mmoja aliyekuwa akinywa peke yake alituuliza kwa ishara tunatoka wapi. Nilipotamka Tanzania, aliweka glasi chini, akanyoosha kidole na kusema, "Ikangaa!" Baada ya hapo hakunyamaza tena. Vijana wa humu huenda hawajui kwamba mkimbiaji wetu Juma Ikangaa alikuwa jina kubwa Japani; mwaka 1983 alikimbizana na Mjapani Toshihiko Seko katika marathoni ya Fukuoka hadi ndani ya uwanja, Seko akamshinda kwa sekunde 3, na mwaka 1986 Ikangaa akarudi kushinda mbio hizo hizo. Mzee alituigizia mita za mwisho kwa vijiti viwili vya kulia chakula. Sikuwa nimelisikia jina la Ikangaa nyumbani kwa muda mrefu, na nikalisikia likitajwa kwa heshima ile na mtu asiyejua Kiswahili wala Kiingereza.

Reli ya Kati

Nimefuatilia uzi tangu mwanzo. Swali langu ni hili: Mnaporudi mkisifu treni za watu, je, hamzioni za kwetu? Treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma inafanya kazi tangu 2024. Shinkansen ilianza tarehe 1 Oktoba 1964, siku chache kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Wametutangulia kwa miaka 60. Si haki kulinganisha.

Mwana wa Pangani

Sikulinganisha, ndugu, na treni ya Dodoma nimekwisha kuipanda zaidi ya mara moja, kwa raha. Kilichonivutia katika Shinkansen si mwendo wa kilomita 285 kwa saa. Ni kwamba hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Nikupe mfano: katika mabehewa manne tuliyopita kutafuta viti vyetu, sikumwona abiria hata mmoja aliyesimama mlangoni dakika kumi kabla ya kituo akishikilia mizigo yake. Kila mmoja alijua treni itasimama wapi, kwa muda gani, na mlango upi utafunguka. Imani ya namna hiyo hujengwa kwa miaka, nami natumaini wajukuu wangu wataikuta kwetu.

Sasa niseme kuhusu kurudi, nikimjibu pia mdogo wangu wa Aichi.

Jioni ya mwisho tulikuwa Osaka. Ratiba ilisema tutakwenda kula takoyaki, vitumbua vyao vya pweza, mtaa wa Dotonbori, lakini tuliishia kwenye duka la mashine za kufulia nguo, tukitazama mavazi yetu yakizunguka. Hapo mwalimu akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kubadilisha tarehe ya tiketi ni kiasi gani. Mhasibu alikuwa na jibu tayari, tukajua kwamba naye alikuwa ameulizia kimyakimya. Kiasi kilikuwa hakilipiki. Muuguzi akasema zamu zake zinaanza Jumatatu na kwamba kuna mgonjwa mmoja anayemngoja, kisha akainuka kwenda kununua sabuni ambayo hatukuihitaji.

Kansai ni uwanja uliojengwa juu ya kisiwa cha kutengenezwa, uliofunguliwa mwaka 1994, na wahandisi wanakiri kwamba kisiwa hicho kinadidimia kidogo kidogo. Tulipoambiwa hivyo, kila mmoja alisema kwa mzaha kwamba usafiri usitishwe hadi kitengenezwe. Muuguzi aliondoka wa kwanza, kupitia Tokyo, ili avuke Bahari ya Pasifiki. Sisi watatu tulifika pamoja hadi Dubai, na huko tukaachana katika korido mbele ya ubao wa safari, kwa haraka, kwa sababu lango la Muscat lilikuwa linafungwa. Nyumbani nilipokelewa kwa furaha ya kweli, na nisieleweke vibaya: niliwakumbuka wanangu, na pweza wa nazi niliopikiwa siku ile niliumaliza peke yangu. Hata hivyo, saa yangu ya mkononi bado haijabadilishwa. Inasoma Kiswahili, nami nimepata kisingizio.

Ndugu wa Aichi, umenishawishi nusu. Ni kweli kwamba marafiki tuliwabeba wenyewe, na ni kweli kwamba utulivu tulioufaidi hutengenezwa na watu wanaolala stesheni wakiwa na suti, na wewe mwenyewe ukiwa mmoja wao. Sisi tuliutumia, tukalipa kodi ya kuondoka ya yeni 1,000, tukaenda zetu. Ninapopinga ni pale uliposema kwamba Japani haikutupa marafiki. Marafiki tulikuwa nao kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika miaka yote hiyo hatukuwahi kupata usiku mmoja wa kuzungumza bila mtu kuitwa jikoni. Kilichotukosa kilikuwa nafasi, na nafasi hiyo tuliipata huko.

Mkazi wa Aichi

Nimekuelewa, dada. Lakini basi jaribio ni rahisi. Kutaneni tena mahali pengine, pasipo na Shinkansen, muone kama nafasi hiyo itapatikana. Ikipatikana, mimi ndiye niliyesema kweli. Isipopatikana, nakununulia tiketi ya kuja huku Nagoya, nami nitawapikia wali wa nazi. Nazi ya kopo ipo, na mchicha nimejifunza kuupanda kwenye kibaraza.

Mwana wa Pangani

Nimeipeleka hoja yako kwa wenzangu, na mjadala umekuwa mkali kuliko ule wa ratiba ya ubalozi. Mwalimu anataka Lamu. Muuguzi anasema Lamu ana wajomba watatu, kwa hiyo haifai. Tumeafikiana Pangani, Agosti, kwenye nyumba ya kupanga iliyo mbali na kwetu, kwa masharti yaliyoandikwa: hakuna kutangaza kwamba tumefika, hakuna mpishi miongoni mwetu, magodoro yote yatandikwe chini katika chumba kimoja, na atakayepokea simu ya harusi analipa chakula cha siku mbili. Mhasibu ameshaulizia nauli ya Muscat hadi Dar es Salaam, na nitaleta majibu humu humu Septemba, ukiwa tayari na mchicha wako.